Kurasa Nne za Balozi

Nakumbuka Jumatano moja ya mwezi wa pili, saa nane na nusu mchana, nimekaa chumba cha mbele cha nyumba moja ya Stanmore, mkononi nina karatasi ambazo ni mie peke yangu niliyejua kuwa zimeharibiwa. Mbele yangu walikaa watu wawili wakingoja niwasomee. Mmoja alikuwa mzee aliyezisema zile karatasi. Wa pili alikuwa mwanamke ambaye kesho yake, saa nne asubuhi, jaji angesikiliza kesi yake, ama abaki Uingereza ama apandishwe ndege. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mwanangu, tangu siku ile nimezaa, nimezika, nimepasuliwa mara mbili katika hospitali ya hapa Lewisham, na bado sijaogopa tena kama nilivyoogopa kwenye kile kiti.

Ngoja nikueleze tulifikaje hapo. Najua una haraka, nyinyi mliozaliwa mji huu mnataka habari iishe kabla chai haijapoa, lakini hii haielezeki kwa mkato.

Mie ni mtoto wa Wete, Pemba. Nilikuja London kwa ami yangu, aliyekuwa amezikimbia siasa za kwetu kabla yangu. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinaangaliwa huko serikalini. Sijaambiwa kaa wala sijaambiwa ondoka. Mchana nilifanya kazi ya kea, kuwatunza wazee majumbani mwao, na jioni nikisomea upigaji chapa. Ndipo wakala wa kazi akanipeleka Stanmore kwa Balozi Anselmo, Mfilipino aliyestaafu, ambaye kiharusi kilikuwa kimeufisha mkono wake wa kulia na kumlegeza ulimi. Nilimfunga vifungo, nikamlisha uji, nikamshika bega akienda bafuni, na saa kumi na mbili binti yake, aliyekuwa nesi, akirudi kutoka kazini nami naondoka.

Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo bila kufikiri. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaitika marahaba. Kumbe ubalozi ulimkalisha Nairobi miaka minne, na Kiswahili cha huko kilikuwa bado kimo, kinachechemea lakini kinafika. Akaniambia kwao Ufilipino kijana huuchukua mkono wa mzee akaugusisha kwenye paji la uso wake. Tokea hapo ikawa ndiyo desturi yetu kila asubuhi: mie shikamoo, yeye marahaba, na mkono wake mzima juu ya paji langu.

Alipojua kuwa napiga chapa, aliniketisha mbele ya kompyuta ya bintiye akaanza kunisimulia maisha yake kwa Kiingereza niyaandike kitabu. Baba yake alikuwa mpima miwa katika kiwanda cha sukari, kisiwa cha Negros. Yeye alianza kuandika hadithi za magazetini akiwa mwanafunzi, viatu vimetoboka. Wizara ya mambo ya nje ikamchukua kuwa karani wa kufumbua simu za siri, kisha ikampeleka Jakarta, Cairo, Nairobi, na hapa London kuwa konseli, yaani afisa anayeshughulikia shida za raia wa kwao. Mwisho akawa balozi kamili katika nchi mbili. Kote alikopita aliamka alfajiri akaandika hadithi zake kabla ya kunyoa ndevu, halafu akavaa tai akaenda kuandika ripoti za serikali. Watu wa kwao walimjua zaidi kwa hadithi kuliko kwa ubalozi.

Hadithi yake iliyopendwa kuliko zote alinipa niisome. Mtumishi wa ndani, mkono umeunguzwa kwa pasi, anakimbia mvuani mpaka ofisi ya konseli. Konseli anavua koti lake anamvisha, na mwajiri anapokuja kumdai, konseli anamfungia mlango usoni. Nililia nilipoisoma. Nikasema moyoni, wallahi mzee huyu ni mtu wa peponi.

Alikuwa na namna yake ya kazi, nami niliipenda. Ripoti ya kibalozi, alinifundisha, haina maneno ya kuanzia zaidi ya matatu: Niliona, Niliambiwa, Nadhani. Kila aya ianze na mojawapo, wala usiyachanganye, kwa sababu yupo mtu mbali atakayeamua maisha ya wengine kwa kusoma hayo tu. Kitabu chake alikisema vivyo hivyo, aya kwa aya. Tena alikisema kwa uchache, maana daktari alikuwa amemwonya kuwa sauti ile asiitumie zaidi ya saa moja kwa siku. Ikichoka kupita kiasi, huenda isirudi.

Tulikuwa tumefika sura ya kumi ilipokuja barua ya wakili. Mwanamke mmoja wa Kifilipino, Remedios jina lake, alikuwa amekamatwa akisafisha maofisi bila ya karatasi. Miaka tisa nyuma aliletwa London na mwanadiplomasia wa nchi nyingine kuwa mtumishi wa ndani, akateswa, akatoroka. Faili la serikali lilisema hakuna mtu aliyewahi kumsikia akilalamika, kwa hiyo ameondoka kwa mwajiri wake kwa hiari yake, kwa hiyo arudishwe kwao. Yeye alisema alilalamika, tena kwa konseli mwenyewe. Na konseli wa wakati huo alikuwa Mzee Anselmo.

Wakili aliomba maelezo yaliyotiwa saini. Mzee aliisoma barua ile tena na tena siku nzima. Jumatatu asubuhi akaniambia hataandika mara mbili. Sura ya kumi na moja ndiyo itakayokuwa maelezo yake. Atakachokisoma jaji ndicho hicho hicho atakachokisoma mtu wa kwao dukani. Kisha akaanza, na kwa mara ya kwanza akatumia neno la nne. Nilifanya.

Mwanangu, nilipiga chapa kila neno. Remedios alikwenda kwake kweli, siku ya mvua, amevaa ndara, mkono una alama ya pasi. Alipiga magoti. Lakini mwajiri alikuwa mjumbe wa nchi yenye maelfu ya Wafilipino waliokuwa wakifanya kazi kule, na simu ilikuwa imeshapigwa kutoka ubalozi wake, simu ya adabu tele, kuuliza kama kuna tatizo. Nilifanya, akasema mzee: nilimpandisha kwenye gari la ofisi. Nilifanya: nilikwenda naye mwenyewe, nikabonyeza kengele ya nyumba ile, nikasimama mpaka mlango ukafungwa. Nilifanya: niliandika ripoti kwamba suala limemalizika kwa amani. Nilifanya: mwaka uliofuata niliandika hadithi ambamo konseli anampa koti lake, nikapongezwa, nami nikazipokea pongezi.

Kurasa nne. Alipomaliza, jasho lilikuwa likimtiririka. Alitia saini karatasi ya mwisho, isiyo na kitu ila jina lake na tarehe, kwa mkono wa kushoto, mstari unayumba, akaniambia nikienda zangu nizitie zote posta kwa wakili, kisha akalala.

Sasa lazima nikwambie habari ya bibi yangu, mzaa mama. Alikuwa mkosha maiti. Wete nzima, mwanamke akifa huitwa yeye. Nilikua nikimwona anarudi kutoka misibani, ananawa, anakunywa maji, ananyamaza. Ukimuuliza kulikuwaje, hujibu neno moja: safi. Kovu, kidonda, tumbo la aibu, kila alichokikuta juu ya mwili kilizikwa pamoja na mwenyewe. Mwosha huoshwa, akituambia, msitirini mwenzenu nanyi mtasitiriwa. Mie nimelelewa juu ya neno hilo. Kwetu, aibu ya mkubwa ukiiona imefunuka, haitoshi kugeuza uso. Unaifunika.

Basi nilikaa mbele ya ile kompyuta, mzee anakoroma chumba cha pili, nikaona nimemkuta uchi. Nikafikiri jina lake, hadithi yake, watu wa kwao wanaompenda. Yule mwanamke nilimfikiria pia, sitaki kukudanganya. Nilijiambia wakili hakosi ushahidi mwingine, mawakili hawa wana makabati. Mtu akitaka kujidanganya hakosi kabati. Nikazifuta zile kurasa nne, na pale palipobaki pengo nikashona sentensi yangu: Watumishi wengi wa ndani walikuja ofisini kwetu, nasi tuliwasaidia wote kadiri ya uwezo wetu. Nikachapisha, nikaambatisha ukurasa wenye saini yake, kurasa za kweli nikazichana vipande vidogo. Nilipokuwa naitia bahasha kwenye sanduku la posta pale steshini, nilijihisi mtoto mwema. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba nilijihisi mwema.

Turudi kwenye Jumatano yetu. Remedios alikuja mchana ule bila ya mie kujua kuwa amealikwa. Mwanamke mfupi, koti la kijivu, sahani ya wali mtamu wa nazi imefunikwa kwa karatasi ya fedha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama ya pembe tatu, ngozi inang'aa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Hakumpa mzee mkono, akakaa ukingoni mwa kiti. Mzee akamwambia kwa Kiingereza kuwa si haki yeye kusikia habari hii kwanza kwa jaji; ataisikia hapa, mbele ya aliyeitenda. Akanigeukia.

"Zuwena, soma sura ya kumi na moja. Polepole."

Nilisoma. Nikasoma majira ya baridi, nikasoma karamu za mabalozi, na kila mstari ulinisogeza pale nilipopashona. Nilidhani naweza kuyasema kwa kichwa yale niliyoyafuta, lakini kichwa kilikuwa kitupu. Nikafika. Watumishi wengi wa ndani walikuja ofisini kwetu. Nikamalizia: nasi tuliwasaidia wote.

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga na nje gari la takataka lilikuwa likipita. Remedios alimtazama mzee, na sijapata kuona mtu akimtazama mwenzake namna ile. Alidhani amemwita pale ili amdhihaki.

"Zuwena," mzee akasema kwa kile Kiswahili chake, "kurasa zangu ziko wapi?"

Nikamwambia nimeziondoa. Nikamwambia nimefanya hivyo kwa ajili yake. Nikamtajia bibi yangu, maiti, sitara, yote, maneno yananitoka yanakanyagana, na machozi juu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelala kama kawaida, na ule mwingine ulikuwa mkali kuliko nilivyowahi kuuona.

"Nani alikuambia mimi nimekufa?" akauliza. "Huyo bibi yako, akipata kisu kwa mgongo ya maiti, hiyo pia anafunika na sanda?"

Nikaziweka zile karatasi mezani.

"Mimi niko hai. Na huyu mama bado anatoka damu. Mwambie ulichofanya. Mwambie wewe mwenyewe, na Kiingereza."

Nikamwambia. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema, lakini siku ile ulimi wangu ilibidi ujikwae kila neno. Remedios aliiweka ile sahani chini kwenye zulia taratibu. Akauliza swali moja tu: kwa hiyo wakili wangu anayo karatasi, yenye saini ya konseli, inayosema nilisaidiwa? Nikasema ndiyo. Akafunika kovu lake kwa mkono wa pili.

Tukampigia wakili. Alikuwa bado hajayasoma yaliyomo kwenye bahasha, lakini nakala ya maelezo alikuwa ameshaipeleka mahakamani kama ilivyo, kwa kuamini neno la balozi. Kisha akasema maelezo mapya yamfikie kwa faksi kabla ya saa kumi na mbili, na yule aliyeyaharibu ya kwanza aje kesho aape mbele ya jaji. Akaniuliza jina langu kamili, na kama nina karatasi za ukaazi. Mtu ambaye faili lake liko juu ya meza ya serikali haendi kujitaja mwenyewe kwamba amechezea ushahidi. Ami yangu angeniua.

Mzee hakuningoja niogope. Akasema kaa, piga. Akaanza upya, na yale yaliyotoka Jumatatu kwa saa moja, Jumatano yalikuwa yakitoka kwa kuvutwa. Neno linakuja nusu, anafumba macho, analirudia. Remedios hakuondoka. Alikaa akisikiliza yote, na mzee alipokosea akasema alikuwa amevaa viatu, yeye ndiye aliyemsahihisha: ndara. Saa nzima ikapita. Nikamwomba mzee apumzike, daktari alisema. Akanyanyua kidole cha mkono mzima, tuendelee. Alipomaliza na kutia saini tena, ilikuwa imeshagonga saa kumi na moja na dakika chache, na sauti yake imebaki mkwaruzo.

Nikashuka na treni mpaka Kingsbury, ambako lilikuwepo duka la Mgujarati mmoja wa Kisumu lenye mashine ya faksi. Nilimkuta ameshateremsha nusu ya mlango wa chuma. Akaniambia, "Dada, nimefunga, kuja kesho." Nikainama nikapita chini ya ule mlango, nikamwambia kesho mtu anarudishwa kwao. Alinitazama, akawasha mashine. Karatasi zilikuwa zikiingia moja moja, polepole, nami nasoma Nilifanya, Nilifanya, zinavyopotea ndani.

Alhamisi nilivaa baibui langu jipya nikaenda. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na mie mjukuu wangu alikuja mapema. Niliapa. Nikasema mbele ya jaji kila nililokwambia wewe, hata la bibi yangu. Alikuwa mtu mpole, kalamu mkononi. Alipomaliza kunihoji akasema hana shaka kwamba nasema kweli, lakini ana shida: mbele yake kuna maelezo mawili yenye saini moja, na yote mawili yamepita mikononi mwangu. Atajuaje lipi neno la balozi na lipi langu? Ndipo jaji akauliza kama balozi yu hai. Akaambiwa yu hai. Akasema basi saa nane aje aseme mwenyewe kwa kinywa chake.

Nilikaa kwenye ule ukumbi nje nikisali asije. Unanielewa, mwanangu? Nilijua kilichobaki katika ile sauti.

Alikuja. Binti yake alimwendesha, amekasirika mpaka hakuniangalia. Mzee alikuwa amevaa suti yake ya kibalozi na tai, na kwa kuwa si mie niliyemvisha siku ile, vifungo vya koti vilikuwa vimekosana tundu moja. Ndani, nyuma ya wanafunzi waliokuja kujifunza sheria, walikaa vijana wawili wa ubalozi wa nchi yake na madaftari yao. Aliwaona. Aliinamisha kichwa kidogo kuwasalimu, kama afisa anavyowasalimu wadogo zake. Wao walitazama chini.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, ndivyo tulivyofundishwa. Yeye alikataa kiti. Alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto akasema kwa sauti ya mkwaruzo, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo, na mara mbili jaji ilibidi amwombe arudie. Nilimpandisha kwenye gari. Nilibonyeza kengele. Niliandika kuwa ni amani. Niliandika hadithi. Mie nilitaka kumficha kwa wasomaji walioko mbali, ambao wangeyasoma haya yeye akiwa amekaa nyumbani kwake na shali magotini. Badala yake nikamsimamisha ayaseme mbele ya vijana wa ofisi yake mwenyewe. La kuvunda halina ubani, mwanangu. Unavyozidi kufukiza ndivyo watu wanavyozidi kuuliza kuna nini.

Remedios alipewa ruhusa ya kubaki. Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Nami faili langu halikuguswa, ingawa nilingoja miaka miwili mingine na kila bahasha ya serikali niliifungua nimesimama pale pale mlangoni. Siku ile ile ya mahakama, tulipotoka, nilimfuata Remedios kwenye ngazi nikamwomba radhi. Hakunitukana. Alikuwa akifunga koti lake, anatafuta tundu la kifungo kwa ule mkono usiokunjika vizuri.

"Yeye ulimwonea haya," akasema. "Mimi ulinionea nini?"

Akashuka kwenda kituo cha basi. Na mzee naye, sikumwona Remedios akimsamehe, si mbele yangu. Nakwambia hivi kwa sababu watu hupenda niwahadithie kuwa walikumbatiana.

Sauti ya Mzee Anselmo haikurudi. Kwa siku chache ilibaki mnong'ono, kisha ikaisha. Aliishi miaka miwili mingine, nami bintiye alinibakisha, baada ya kunikasirikia sana, kwa sababu mzee aling'ang'ania kwa ishara. Kila asubuhi nilisema shikamoo, naye alitikisa midomo. Kitabu kiliishia sura ya kumi na moja. Alikuwa amepanga ishirini. Ile miaka yake ya ubalozi kamili, nchi mbili nzima, mikutano aliyoiona kwa macho yake, hakuna aliyeiandika mpaka leo wala hakuna atakayeiandika. Kilipotoka, watu wa kwao walilalamika kuwa mwandishi mkubwa kama yule amewaachia kitabu kilichokatika katikati. Maji yakimwagika hayazoleki.

Miaka mingi baadaye nilimhadithia shangazi yangu wa Wete kwenye simu. Alicheka kwa huzuni. Akaniambia, kwani hujui kwa nini bibi yako hakusemezana na ukoo fulani mpaka kufa? Aliitwa kumkosha mwari mmoja aliyeolewa juzi katika ukoo ule, akakuta alama za vidole shingoni. Akaweka kata ya maji chini, akafungua mlango, akawaita wanaume waje waone, na akakataa kuendelea mpaka sheha, mkuu wa mtaa, afike. Hayo hakutuambia sisi watoto. Mie nilibeba nusu ya mafunzo yake nikaja nayo Ulaya, nikidhani nimebeba yote.

Sasa nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi maana najua huwa mnaniitikia "yes, Bibi" huku mnatazama simu. Kusitiri ni jambo jema, usije ukasikia habari hii ukawa mpiga mbiu wa aibu za watu. Doa la mwenzako lifunike, hata usipoombwa. Lakini kabla hujafunika, tazama kwanza kama ni doa au ni jeraha, na kama ni jeraha, uliza ni la nani. Aibu ya mkubwa isikutie haya mpaka ukamsahau mdogo aliyeumizwa. Na ukipewa maneno ya mtu uyaandike, uyatafsiri, au uyafikishe, na kazi hizo mji huu ndizo mnazopewa watoto wetu kwa kuwa mna lugha mbili, yafikishe yalivyo. Ukiona yatamvunjia mtu heshima, nenda kamwambie mwenyewe uso kwa uso, umsihi, ulie ukitaka. Asipokubali, nyamaza ufikishe. Huenda anajua anachokilipa.

Nenda basi, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe haya isiyokupofusha na huruma isiyochagua wakubwa. Akulinde usije ukamdhuru mtu kwa wema wako, maana dhara la namna hiyo hulioni ulitendapo. Akikutakia kheri zaidi, akupe ukiwa bado kijana mtu wa kukwambia usoni, mbele ya uliyemkosea: mwambie wewe mwenyewe. Amin.